Makumbusho na vituo vya sayansi: kujenga ni jambo moja, kuendesha ni lingine

Mwaka wa 1950, mtaalamu mmoja Mbeleji, Jean de Heinzelin, alikuwa anachimba kule Ishango, katika wilaya ya Beni, fasi mto Semliki unatoka ndani ya Ziwa Edouard. Kati ya vitu alivyopata kulikuwa mfupa mdogo wa karibu sentimita 10, wenye alama nyingi za kukatwa. Ukizihesabu, zinafika 168. Zimepangwa kwa safu tatu: safu mbili ziko na alama 60 kila moja, na ya tatu iko na alama 48. Wataalamu wanakadiria kwamba mfupa huo uko na miaka karibu 20,000. Wamoja wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, na wengine wanaona alama zilikatwa tu ili mkono usiteleze. Mabishano hayajaisha.

Mfupa huo unajulikana duniani pote kwa jina la mfupa wa Ishango. Lakini hauko Ishango, hauko Beni, hauko hata Kinshasa. Uko Bruxelles, katika makumbusho ya sayansi ya viumbe. Mtoto wa Butembo au wa Kasindi anaweza kumaliza sekondari bila kuona hata nakala yake, na mara nyingi bila kusikia kwamba ulitoka kwao.

Watu wengi wanauliza: vitu vyetu vitarudi lini? Ni swali la haki. Lakini kuko swali la pili ambalo halisemwi sana: siku vitakaporudi, vitawekwa fasi gani? Nani atafungua mlango kila asubuhi, nani atalipa mlinzi, nani atafukuza mchwa, na mtoto akiingia, nani atamwelezea? Makala hii inaeleza namna makumbusho na vituo vya sayansi vinavyoendeshwa, shida zenye vinakutana nazo, na mawazo mapya yenye yanaweza kusaidia hata fasi yenye makuta ni machache.

MAKUMBUSHO NA KITUO CHA SAYANSI VINATOFAUTIANA NAMNA GANI?

Makumbusho, wengi wanaita tu muze, ni fasi yenye inakusanya vitu, inavitunza, inavichunguza na kuvionyesha watu. Mwezi wa nane mwaka wa 2022, Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM) lilikutana Prague na kupitisha maelezo mapya ya neno hilo. Maelezo hayo yanasema makumbusho hayatafuti faida, yanatumikia jamii, mlango wake uko wazi kwa watu wote, na wenyeji wanashiriki katika kazi yake. Jambo hili la mwisho ni kubwa. Zamani makumbusho mengi yalikuwa nyumba ya wenye elimu, wenyeji wanakuja kuangalia tu. Sasa wanatazamiwa kuwa na sauti ndani yake.

Kituo cha sayansi ni ndugu wa makumbusho, lakini kazi yake iko tofauti kidogo. Si lazima kiwe na vitu vya zamani. Kiko na vifaa vyenye mgeni anashika, anazungusha, anapuliza, anajaribu, mpaka aelewe namna jambo linavyofanyika. Paris kulifunguliwa Palais de la Découverte mwaka wa 1937, ambako majaribio ya sayansi yalifanywa mbele ya watu. Mwaka wa 1969, San Francisco, Marekani, Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium, na vituo vingi vya sayansi duniani vilifuata mfano huo.

Historia ya Oppenheimer inafaa kujulikana. Alikuwa mtaalamu wa fizikia, lakini alifukuzwa katika kazi ya chuo kikuu sababu ya siasa, akawa mfugaji, kisha mwalimu wa sekondari katika mji mdogo wa Pagosa Springs. Hakungojea laboratwari. Alipeleka wanafunzi fasi watu wanatupa vyuma na mashini zilizokufa, wakafungua vipande na kujifunza humo. Kituo chake kikubwa kilikuja nyuma. Mwanzo wake ulikuwa vyuma vya kutupwa na mwalimu mwenye kujua kuuliza maswali.

TUKO NA NINI KWETU?

Kongo si inchi isiyo na makumbusho. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliundwa mwaka wa 1970. Iko na nyumba Kinshasa na fasi zingine, kati yao makumbusho ya Lubumbashi, yenye vitu vya kale vya Katanga, kwa mfano misalaba ya shaba ambayo watu walitumia zamani kama pesa. Mwaka wa 2019 jumba jipya la Makumbusho ya Taifa lilifunguliwa Kinshasa. Lilijengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, na gharama iliyotangazwa ilikuwa karibu dola milioni 21.

Kwa upande wa sayansi, mashariki na kaskazini mwa inchi kuko hazina ambazo watu wengi wanapita karibu yake bila kuzijua. Lwiro, katika wilaya ya Kabare, Kivu Kusini, ni kituo cha utafiti chenye mizizi yake ni ya mwaka wa 1947. Leo kinaitwa CRSN. Kiko na maktaba, makusanyo ya wanyama, samaki na mimea, na kazi ya kupima matetemeko ya ardhi. Yangambi, katika jimbo la Tshopo, kuko makusanyo ya mimea iliyokaushwa ambayo ni kati ya makubwa zaidi Afrika ya Kati: zaidi ya vipande 100,000. Na Goma kuko kituo cha kuchunguza volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka wa 1986.

Fasi hizi tatu hazikuanzishwa kwa ajili ya wageni. Zilianzishwa kwa ajili ya watafiti. Lakini ndiyo msingi wa kweli tulio nao. Mwanafunzi mwenye anaona mashini yenye kuandika tetemeko la ardhi, na anaelezwa kwamba tetemeko la juzi lilichorwa pale pale, hatasahau somo hilo.

Wakati tunaangalia vyetu, tuangalie na jirani. Ngambo ya Ziwa Kivu, Karongi, Rwanda iko na makumbusho ya mazingira yenye inaeleza nguvu za umeme, maji, jua na gesi, na juu ya paa kuko bustani ya mimea ya dawa. Ziwa ni lile lile, na maswali ni yale yale.

SHIDA YA KWANZA: PESA YA KILA SIKU

Kujenga jumba kunapata wafadhili. Kuko jiwe la msingi, kuko kamba ya kukatwa, kuko picha. Lakini hakuna mwenye anakata kamba juu ya balbu mpya, dawa ya wadudu, bidoni ya mafuta ya jenereta au mshahara wa mlinzi wa usiku. Na ni hivyo ndivyo vinaua makumbusho polepole. Paa linaanza kuvuja kwa tone moja. Kwa kuwa hakuna pesa ya bati moja, nyuma ya miaka mitatu inatakiwa pesa ya paa nzima.

Tusidhani ni shida ya inchi maskini tu. Toronto, Kanada, kituo cha sayansi cha Ontario kilifunguliwa mwaka wa 1969 na kilikuwa kati ya vituo vinavyojulikana zaidi duniani. Mwezi wa sita mwaka wa 2024 serikali ya jimbo ilikifunga kwa siku moja, sababu wahandisi walisema vipande vya paa vinaweza kuanguka. Watu wa mtaa waliandamana, lakini mlango ulibaki umefungwa.

Brazili ilipata msiba mkubwa zaidi. Usiku wa tarehe 2 mwezi wa tisa 2018, Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro iliwaka moto. Ilikuwa na miaka 200 na vitu karibu milioni 20: mifupa ya wanyama wa kale, wadudu, sauti za lugha za wenyeji ambazo hakuna mwenye anazisema tena. Sehemu kubwa ilikuwa majivu asubuhi. Wazimamoto walifika, lakini mabomba ya maji yaliyokuwa karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Kwa miaka mingi wafanyakazi walikuwa wakisema pesa ya matengenezo haifiki.

SHIDA YA PILI: VITU VINAKUFA

Watu wengi wanafikiri kitu kikiingia makumbusho kimepona. Si hivyo. Katika inchi yetu, adui wa kwanza ni unyevu. Karatasi inaota ukungu, ngozi inaoza, chuma kinapata kutu. Wa pili ni wadudu: mchwa kwa mbao, mende na nondo kwa manyoya na mimea iliyokaushwa. Wa tatu ni jua lenye linapiga kwa dirisha na kufuta rangi. Kipimo cha joto na unyevu hakina bei kubwa, lakini lazima kuwe mtu mwenye anakisoma kila siku na kuandika.

Jambo lingine ni la kujua kwa wenye kupeleka watoto: wanyama na ndege wa zamani waliokaushwa mara nyingi walipakwa arseniki, sumu yenye ilitumiwa ili wadudu wasiwale. Hawashikwi kwa mikono mitupu. Ndiyo sababu wazo la "kugusa ili kuelewa" halifai kwa kila kitu. Kitu cha asili kinabaki ndani ya kioo, nakala ndiyo inapita mikononi.

SHIDA YA TATU: VITA, WIZI NA DAFTARI

Mashariki, usalama si neno la hotuba. Tarehe 24 mwezi wa sita 2012, kituo cha okapi cha Epulu, katika Ituri ya leo, kilishambuliwa na watu wenye silaha. Watu waliuawa, majengo yakachomwa, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakafa. Walikuwa okapi ambao wageni na wanafunzi waliweza kuona kwa karibu. Kazi ya miaka mingi iliishia siku moja.

Wizi unaweza pia kuwa wa kimya. Kati ya mwaka wa 1976 na 1982, Ubeleji ilirudisha Kinshasa vitu 114 vilivyotoka makumbusho ya Tervuren. Katika vurugu za miaka ya 1990 depo za Kinshasa ziliporwa, na baadhi ya vitu vya makumbusho vikaonekana mikononi mwa wachuuzi wa ngambo. Watu wenye hawataki kurudisha vitu vya Afrika wanapenda sana kutaja habari hiyo. Lakini wanasahau kusema kwamba kila chenye kiliibwa kilinunuliwa na mtu fulani, na wanunuzi wengi hawakuwa Wakongomani.

Hapo ndipo umuhimu wa daftari unaonekana. Kitu chenye hakina namba, hakina picha, hakikuandikwa urefu wake na fasi kilitoka, kikiibwa hakuna namna ya kukidai. Mwenye nacho atasema ni cha babu yake. Mwezi wa pili 2022, waziri mkuu wa Ubeleji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Kwa macho ilikuwa karatasi tu, lakini bila orodha hakuna mazungumzo. Mwezi wa sita mwaka ule ule, mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Wengi walishangaa: namna gani mtu anakopeshwa kitu cha babu zake? Swali hilo bado liko mezani, na Ubeleji ilipitisha sheria juu ya kurudisha vitu mwaka ule ule wa 2022.

SHIDA YA NNE: MTU ANAKUJA MARA MOJA, HARUDI

Mgeni anaingia, anasoma karatasi ya Kifaransa yenye maneno magumu, anaona kinyago kilichoandikwa "mbao, karne ya 19", anatoka. Hajaambiwa kinyago kilichezwa siku gani, wala nani hakuruhusiwa kukiona. Mama mwenye alisoma mpaka darasa la nne hawezi kusoma karatasi hiyo. Mwenye alisoma chuo kikuu anaisoma, lakini hana sababu ya kurudi, juu ataikuta vile vile mwaka ujao.

Mara nyingi shida hapa si pesa. Ni desturi ya kufikiri kwamba kazi ya makumbusho ni kuweka, si kuongea. Kuandika maelezo kwa Kiswahili, kwa sentensi fupi, hakuombi mfadhili. Kumwita mzee mwenye anajua kile kitu aje akieleze siku ya Jumamosi hakuombi mfadhili mkubwa, ni tiketi ya pikipiki na chakula.

MAWAZO MAPYA, NA MENGINE SI MAPYA SANA

Wazo la kwanza ni kutoka ndani ya jumba. Kolkata, India, makumbusho ya viwanda na teknolojia ya Birla ilifunguliwa mwaka wa 1959. Viongozi wake waliona kwamba watoto wa vijijini hawatafika mjini. Mwaka wa 1965 wakaanza kupakia vifaa vya majaribio ndani ya gari na kuvipeleka kwenye shule za mbali. Mtindo huo unaendelea mpaka leo, na India iko na mabasi mengi ya namna hiyo. Kwetu, barabara zingine hazipitiki na basi. Lakini wazo si basi, wazo ni sanduku. Masanduku mawili ya mbao yanaweza kwenda kwa pikipiki, na kwa mtumbwi mpaka Idjwi. Shule inakaa nayo juma mbili, kisha inapitisha kwa shule nyingine.

Wazo la pili ni nakala. Mfupa wa Ishango unaweza kuchongwa kwa mti au kufinyangwa kwa udongo, alama zote 168 katika fasi zake. Nakala haichukui nafasi ya kitu cha asili, na haipaswi kutumiwa kama kisingizio cha kutorudisha. Lakini mtoto anaweza kuishika na kuhesabu kwa kidole: 11, 13, 17, 19. Mwalimu anauliza: namba hizi nne ziko na nini zinafanana? Mwenye alisoma namba zisizogawanyika atashtuka. Kisha mwalimu anaongeza swali lenye ni sayansi ya kweli: je, mwenye alikata alama alijua jambo hilo, au ni sisi wenye tunalisoma ndani yake?

Wazo la tatu ni vijana waelezaji. Exploratorium tangu mwanzo ilichukua wanafunzi wa sekondari, ikawafundisha, ikawalipa kidogo, wakawa ndio wenye kusimama kati ya vifaa na kuongea na wageni. Faida ni mara mbili. Mgeni haogopi kumuuliza kijana, na kijana mwenyewe anajifunza zaidi kuliko mgeni. Mjini kwetu vijana wenye diploma ya sayansi bila kazi hawakosekani.

Wazo la nne ni kutoficha ujuzi. Mwaka wa 1975 Exploratorium ilianza kuchapisha vitabu vya maelezo ya kutengeneza vifaa vyake, sawa mpishi mwenye anaandika namna ya kupika ili wengine wapike. Fundi seremala wa Uvira na fundi wa kuunga vyuma wa Bunia wanaweza kutengeneza vifaa vingi vya sayansi kwa mbao, chupa, kioo na chuma. Kifaa kikitengenezwa hapa, kikiharibika kitarekebishwa hapa. Kifaa chenye kilitoka ngambo kikikufa, kinawekewa karatasi "hakifanyi kazi" na kinabaki hivyo.

Wazo la tano ni kupanga depo kwanza. ICCROM, taasisi ya kimataifa ya utunzaji yenye makao Roma, iliandaa njia inayoitwa RE-ORG kwa ajili ya makumbusho madogo yenye depo zilizojaa. Hatua zake hazina uchawi: kutoa vitu chini, kuvipanga kwa ukubwa na aina, kuviweka namba, kuhakikisha kila kimoja kinaweza kupatikana bila kuhamisha vingine vingi. Kazi hiyo inafanywa na wafanyakazi wenyewe kwa mbao za kawaida.

Wazo la sita ni simu na redio. Wakati wa korona mwaka wa 2020, UNESCO ilisema ni asilimia 5 tu ya makumbusho ya Afrika na ya inchi ndogo za visiwa yaliweza kutoa kitu kwa intaneti. Intaneti ni ghali, kweli. Lakini sauti haiombi megabaiti nyingi. Dakika kumi kwenye redio kila juma, kitu kimoja kinaelezwa na mtu mwenye anakijua, ni chumba cha makumbusho chenye hakiombi paa.

MFANO: CHUMBA KIMOJA JUU YA MAZUKU NA VOLKANO

Tuchukue mfano wenye uko karibu. Goma, Sake na kando ya Ziwa Kivu watu wanajua neno mazuku. Ni fasi za chini ambako gesi mbaya inakusanyika na kuua mbuzi, mbwa, na mara zingine watu. Wataalamu wa volkano wa dunia wamechukua neno hili kutoka kwetu na kuliandika katika vitabu vyao. Wengine bado wanasema ni mashetani. Kwa kweli ni gesi ya kaboni, ile ile yenye tunapumua nje, lakini kwa wingi. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inalala mabondeni kama maji, zaidi usiku na asubuhi wakati upepo haupo.

Chumba kidogo cha sayansi kinaweza kuonyesha jambo hili kwa dakika tano. Weka vijiko viwili vya bikabonati ndani ya chombo kirefu, mwanga maji ya ndimu au siki. Povu linapanda. Povu likitulia, inamisha chombo polepole juu ya mshumaa unaowaka, sawa mwenye kumwaga maji, lakini usiache tone lianguke. Mshumaa unazimika, na hakuna mtu ameona kitu kimemwagika. Watoto watanyamaza kwanza, kisha wataomba kurudia. Hapo mwelezaji anasema: hii ndiyo sababu huwezi kulala wala kulaza mtoto bondeni penye mazuku. Anaongeza onyo: hakuna mtu anaenda kupima mazuku kwa kushuka nayo mshumaa. Gesi inaweza kumwangusha mbele ya kuona moto unazimika.

Jaribio la pili ni chupa ya sukre, ile wengine wanaita soda. Ikiwa imefungwa, huoni gesi. Ukifungua, mapovu yanapanda. Ziwa Kivu kwa chini limebeba gesi nyingi sana namna hiyo, kaboni na metani, zikishikwa na uzito wa maji. Rwanda inatoa metani hiyo na kufanya umeme. Na mwaka wa 1986, kule Kameruni, Ziwa Nyos lenye ni dogo sana kuliko Kivu lilitoa gesi yake ghafla usiku na kuua watu karibu 1,700. Wataalamu wanapima Ziwa Kivu ili jambo kama hilo lisitokee. Mkaaji wa Goma, Bukavu au Kalehe ana haki ya kuelewa kile chenye wanapima.

Na kuko Nyiragongo. Mlima huu ulitoa moto kuelekea watu mwaka wa 1977, 2002 na 2021. Mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilisimama kwenye ukingo wa mji, na siku tano nyuma viongozi wakaomba sehemu kubwa ya mji ihame. Watu walikimbia kuelekea Sake, Minova, Bukavu na Rwanda, wengi wakiuliza: kuko nini chini ya miguu yetu, na nani wa kuamini? Usiku wa kukimbia si wakati wa kuanza kumfundisha mtu volkano. Somo hilo linafanywa wakati mlima umetulia, kwa ramani yenye mtu anaweza kuweka kidole kwenye avenue yake na kuona lava ya 2002 ilipita wapi. Hapo kituo cha sayansi si fasi ya kutembea Siku ya Mungu tu. Kinaweza kuokoa maisha.

MASWALI YA KUULIZA MBELE YA KUANZISHA

Shule, parokia, shirika au mtaa wenye unataka kuanzisha chumba cha makumbusho au cha sayansi unaweza kuanza na maswali haya.

Nani ni mwenye vitu? Iandikwe kwa karatasi, ili kiongozi akibadilika vitu visimfuate nyumbani.

Pesa ya mwezi itatoka wapi? Hesabu mlinzi, usafi, matengenezo na usafiri, kisha angalia kiingilio na mchango wa shule. Kama hesabu haitoshi kwa vyumba vitatu, anza na kimoja.

Daftari liko wapi, na nakala yake iko wapi? Ziwe fasi mbili tofauti, pamoja na picha. Moto au vita vikichukua moja, nyingine ibaki.

Nani anaeleza, na kwa lugha gani? Kama jibu ni karatasi za ukutani tu, bado.

Ni nini kitabadilika nyuma ya miezi mitatu? Mgeni lazima awe na sababu ya kurudi.

Na kama vita ikifika, ni vitu gani vinaondolewa kwanza, na nani, na kwenda wapi? Kwa wakaaji wa mashariki swali hili si la kuogopesha. Ni la kupanga mapema, sawa vile kila familia inajua mfuko gani unabebwa kwanza.

Hakuna kati ya maswali haya yenye inaomba jumba la mamilioni ya dola. Serikali inabaki na deni lake: kulipa watumishi wa makumbusho na vituo vya utafiti, na kulinda makusanyo ya Lwiro, Yangambi, Lubumbashi na kwingine. Deni hilo lisifutwe kwa kisingizio kwamba wanainchi wamejisaidia. Lakini mwalimu wa Kasindi mwenye anachonga leo mfupa wa mti wenye alama 168 haombi ruhusa ya mtu. Na siku mfupa wenyewe utarudi kutoka Bruxelles, utakuta watoto wenye wanajua tayari kuuhesabu.